Kabla ya kupanda basi kwenda kupigwa skani ya mishipa

Usianze na bei wala tarehe. Muulize daktari aliyekuandikia skani: tunatafuta chokaa, au tunatafuta moto? Ateri iliyougua inaweza kuwa na vyote viwili, na kila kimoja kina picha yake na masharti yake. Chokaa ni kalsiamu iliyoganda kwenye ukuta wa mshipa. Skani ya CT huiona nyeupe kama mfupa. Moto ni uvimbe wa ndani kwa ndani, seli za ulinzi zimejazana ukutani na zinakula sukari kwa pupa. Huo hufuatwa na skani ya PET, kwa sukari yenye mionzi iitwayo FDG.

Ukiambiwa ni kupima chokaa ya moyo tu, shusha pumzi. Hudungwi chochote, na ni shughuli ya dakika chache. Acha kahawa na chai ya rangi siku hiyo, maana moyo unaokwenda mbio hutia picha ukungu. Majibu huja kwa alama za Agatston, zilizoanza mwaka 1990: sifuri ni kwamba hakuna chokaa iliyoonekana, 400 na kuendelea ni nyingi. Usisherehekee sifuri kupita kiasi, kwa sababu mafuta laini ambayo hayajashika chokaa hayahesabiwi hapo. Na ikiwa unameza statini, vidonge vya kupunguza kolesteroli, kisha alama zikapanda, usitupe vidonge. Statini huweza kuongeza chokaa huku zikiugandisha uchafu uliokuwa laini, na ule laini ndio unaopasuka.

CT yenye dawa ya ayodini, inayodungwa ili mishipa ionekane, ina maswali yake. Nenda na kipimo cha kriatinini cha karibuni ili figo zijulikane hali yake. Taja mzio wowote uliowahi kuupata. Kama unatumia metformini ya kisukari, uliza kama utaisimamisha. Wanaume, semeni pia kuhusu vidonge vya chumbani, vile vya nguvu za kiume: kwa picha ya moyo huenda ukawekewa nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, chini ya ulimi, na viwili hivyo vikikutana presha huanguka vibaya. Najua hakuna anayependa kulisema hilo mbele ya mkwewe aliyemsindikiza. Mwombe mkweo atoke kidogo.

PET ndiyo yenye safari. Nguvu ya FDG hupungua nusu kila dakika 110 hivi. Ukiipakia Nairobi ikafika Kisumu baada ya saa sita barabarani, imebaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mgonjwa ndiye anayeifuata dawa.

Hapo ndipo mjomba wangu alipokwama. Daktari alitaka kuona kama aota yake, ule mshipa mkuu utokao moyoni, imevimba. Tuliondoka Kisumu usiku, basi likasimama Salgaa alfajiri, nami nikasinzia. Kufika kule nesi akamwuliza, "Mzee, umekula nini tangu jana?" Mzee akajibu kwa adabu kabisa: "Sijala, binti yangu. Ni mahindi tu." Hindi moja la kuchoma, na chai ya maziwa juu yake! Ukila wanga, insulini huisukuma sukari kwenye misuli, na mshipa uliovimba hauonekani tena vizuri. Tulipewa siku nyingine.

Kwa hiyo kaa bila chakula kwa saa utakazoambiwa, mara nyingi sita au zaidi. Maji matupu ruksa. Ikiwa wanaangalia eneo la moyo, utaambiwa pia ule nyama, mayai na mafuta siku nzima kabla, bila ugali wala ndizi, kwa sababu misuli ya moyo nayo hupenda sukari. Mwenye kisukari apange insulini yake na daktari mapema. Anayemeza prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, aseme ameanza lini, kwani huuzima moto huo picha isiuone. Lakini asiiache kwa uamuzi wake. Usibebe mizigo mizito wala kukimbilia basi. Na chukua koti: ukitetemeka kwa baridi ya Nairobi, mafuta ya shingoni hunyonya FDG na kuwachanganya wasomaji wa picha.

Kuna pia floraidi ya sodiamu, ambayo hushika chokaa changa isiyoonekana kwa CT. Watafiti wa Edinburgh waliitumia kwa watu 40 waliotoka kupata mshtuko wa moyo, na kwa 37 ikawaka pale pale palipopasuka. Hiyo bado ni ya utafiti zaidi kuliko kliniki. Usiende kuidai dirishani.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, uliza idhini wiki moja kabla. Beba sidii ya picha za zamani, si ripoti pekee.

Baada ya sindano hulala kimya karibu saa nzima, simu imezimwa. Ukitoka, kunywa maji mengi na usipakate mtoto mdogo kwa saa kadhaa. Mjomba aliporudi mara ya pili, mjukuu alikuwa ameshalala, kwa hiyo sheria hiyo haikumsumbua mtu.