Kuomba Kukaa na Mtoto Mahakamani: Mwongozo kwa Wazazi wa Tanga

Swali la kwanza utakaloulizwa kwenye dirisha la karani ni kama wewe na mwenzako mna ndoa, na kama mnayo, iwapo unaomba na talaka. Usilione kuwa ni udadisi. Jibu lake ndilo linaloamua shauri lako lifunguliwe wapi na liende kwa sheria ipi, na wazazi wengi hapa Tanga wamepoteza miezi kwa kuanzia mlango usio wao.

Mwenye ndoa anayeomba talaka huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na suala la watoto huamuliwa ndani ya shauri hilo hilo. Kabla ya kufika mahakamani mtapita kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayosema hivyo, na ukiikosa hati hiyo ombi lako la talaka halitapokelewa, isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria yenyewe imezitaja. Baada ya hapo unaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa kuwa wengi wetu tumeoana Kiislamu, ni lazima niseme wazi kwamba karatasi ya talaka iliyoandikwa mbele ya sheikhe haimalizi suala la mtoto. Kwa Tanzania Bara, kadhi anaweza kusuluhisha na kunasihi, lakini amri inayoweza kutekelezwa kwa nguvu ya dola hutoka mahakamani.

Ikiwa hamkuoana, au mmetengana bila kutaka talaka, mlango wako ni Mahakama ya Watoto iliyoanzishwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mahakama hii mara nyingi huketi katika majengo ya mahakama za kawaida, kwa hiyo muulize karani wa Mahakama ya Wilaya akuelekeze. Anayeruhusiwa kuomba si baba na mama peke yao. Bibi au shangazi anayemlea mtoto naye anaweza kuomba.

Usiogope kwa kuwa huna fedha za wakili. Tangu mwaka 2021 sheria imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hukusaidia kuandaa maombi bila malipo ingawa hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, ripoti za shule na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza unapoishi. Ninasisitiza kadi ya kliniki kwa sababu niliwahi kuona uzito wake. Katika shauri moja nililolifuatilia, baba alileta bahasha nene ya risiti za manunuzi, na mama akaleta kadi iliyochakaa pembeni, iliyogongwa muhuri mwezi baada ya mwezi, pamoja na daftari la mtoto ambalo mwalimu aliandika "mzazi aone" na chini yake ikaonekana saini ya mama kila mara. Hakimu alilifunua daftari lile ukurasa kwa ukurasa, bila haraka.

Maombi yakishapokelewa, mwenzako atapelekewa wito ili ajibu, na mahakama inaweza kumwagiza Afisa Ustawi wa Jamii achunguze mazingira ya mtoto na kuandika taarifa. Hatua hii ndiyo ambayo wazazi huielewa vibaya kuliko zote. Wengine hukopa makochi, wengine humfundisha mtoto maneno ya kusema. Afisa akifika nyumbani kwako, iwe Ngamiani, Makorora au Pongwe, hutaka kujua mtoto analala wapi na analala na nani, anakwenda shule na nani, akiumwa usiku nani humpeleka hospitali. Huzungumza pia na mwalimu na majirani. Chumba kimoja safi chenye chandarua na mtu mzima anayerudi mapema kinaweza kuzungumza vizuri kuliko nyumba kubwa ambayo mtoto huachiwa dada wa kazi kuanzia alfajiri. Mweleze afisa ukweli, hata ule usiokupendeza, maana uongo ukigundulika utaitia shaka taarifa yako yote.

Katika Mahakama ya Watoto shauri husikilizwa faragha, Afisa Ustawi akiwepo. Hakimu huanza na maslahi ya mtoto, kisha huangalia umri na jinsia yake, umuhimu wa kuwa na mama, maoni yake ikiwa ameyatoa kwa hiari, faida ya ndugu kukaa pamoja, na haja ya kutoyavuruga malezi aliyokwisha kuyazoea. Hapo ndipo linapoibuka suala la miaka saba. Mitaani husemwa kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba, na nimewaona akina mama wakianza kulia siku ya kuzaliwa ya mtoto inapokaribia. Sheria ya Ndoa haisemi hivyo. Inasema kuwa ni dhana, tena inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ananufaika zaidi akiwa na mama yake. Haikuandika popote kwamba akivuka umri huo ahamishwe. Mila na desturi za wazazi huzingatiwa, lakini huja nyuma ya manufaa ya mtoto.

Unapoomba amri, omba na mambo madogo yaandikwe. Anayekaa na mtoto ni nani, mwenzake atamchukua siku zipi, likizo za Juni na Desemba zitagawanywaje, Idi au Krismasi atakuwa kwa nani, atakabidhiwa wapi na saa ngapi. Maneno kama "atamwona inapowezekana" huzaa ugomvi mpya kabla mwezi haujaisha. Matunzo nayo yatajwe kwa kiasi na tarehe. Mahakama huyapima kwa kipato cha wazazi wote wawili na gharama za maisha za eneo mnaloishi. Na baba aliyechelewa kutoa matunzo asinyimwe kumwona mtoto kama adhabu. Peleka malalamiko hayo mahakamani.

Shauri likiwa linaendelea, au hata baada ya hukumu, usimtoe mtoto shuleni kwa hila na kumpandisha basi la Dar es Salaam au Handeni. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye haki ya kukaa naye. Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi katika shauri la ndoa, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake hapa Tanga, na rufaa hiyo huwasilishwa katika mahakama iliyotoa uamuzi. Hali ya maisha ikibadilika baadaye, kwa mfano mzazi akihama mkoa au akiugua, rudi mahakamani uombe amri ibadilishwe, ukiwa na nakala ya amri ya kwanza mkononi.