Njanja ya 1067 Juu ya Meza: Somo la Kujenga Mita ya Kwanza kwa Vipimo vya Kweli

Watu wengi hapa Lubumbashi wanaojenga modeli za treni huanza na kichwa cha treni. Ndugu aliyeko Ubelgiji anatuma kimoja, kinapakwa rangi za SNCC, shirika la reli la Congo, kinawekwa juu ya reli zilizokuja nacho kwenye katoni. Kwa mbali kinapendeza. Lakini mtu aliyekulia kando ya njanja, yaani njia ya reli, akiinama na kukitazama kutoka mbele, jicho lake linakataa, na mara nyingi hawezi kusema kwa nini. Sababu iko chini: njia ni pana mno kwa treni yetu.

Kwa hiyo somo hili linaanza na reli na mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli. Kichwa cha treni kitasubiri. Tutajenga mita moja ya njia iliyonyooka, na tutaijenga sawasawa.

Hatua ya 1: Chagua kipimo kwa hesabu

Reli iliingia mji huu mwaka 1910 ikitokea kusini kupitia Sakania, na ilikuja na upana wa njia za kusini mwa Afrika: milimita 1067 kati ya reli na reli. Upana huo ndio tulio nao hadi leo, uende Kolwezi, Kamina au Ilebo. Njia ya kawaida ya Ulaya ni mm 1435.

Modeli zinazouzwa sana, zile za H0, ni za kipimo cha 1:87 na zinatembea juu ya njia ya mm 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, unapata 1435. Ni Ulaya kamili. Ukiweka hapo behewa la Katanga la 1:87, umeipanua njanja yetu kwa karibu sm 37.

Sasa iache reli ileile, badilisha kipimo. 16.5 mara 64 ni 1056. Pungufu ni mm 11 kwenye njia halisi, na juu ya meza hazifiki hata mm 0.2. Ndiyo maana wajenzi wa New Zealand na Queensland, ambao nao wana njia ya 1067, wengi wamechagua 1:64. Unatumia mitambo na magurudumu ya mm 16.5 yanayopatikana kila mahali, na mwili wa treni unaujenga mwenyewe kwa 1:64. Mimi nauona huu kuwa mlango bora kwa mtu wa Katanga, na sehemu yote inayofuata inaufuata.

Hatua ya 2: Pima kitu chenyewe

Omba ruhusa kwa wahusika wa stesheni kabla ya kupima au kupiga picha, na usiingie kati ya reli za njia inayotumika. Njia ya pembeni iliyoachwa kando ya bohari ya zamani inatosha kabisa. Pima urefu wa taruma, upana wake, nafasi kati ya taruma na taruma, na urefu wa reli kutoka kitako hadi kichwani. Kisha gawanya kila kitu kwa 64. Taruma la mita 2 linakuwa mm 31. Nafasi ya sm 70 inakuwa mm 11. Behewa la mita 12 linakuwa sm 19 kasoro kidogo.

Urefu wa reli ndio unaowapita watu wengi. Reli ya kilo 30 kwa mita ina urefu wa karibu sm 11, yaani mm 1.7 kwa kipimo chetu. Reli inayokuja na seti nyingi za H0 ni ya kodi 100 (kodi ni namba ya urefu wa reli), ambayo ni mm 2.54. Kwa 1:64 hiyo ni reli ya sm 16, nzito kama ya njia kuu za Ulaya. Agiza kodi 70. Ina mm 1.78, na ukiitazama kwa ubavu utaona wembamba uleule wa njia ya pembeni uliyopima. Hakikisha ni ya ile aloi nyeupe ya shaba, zinki na nikeli. Inashika risasi ya kulehemu vizuri na haili kutu, na sisi wa Katanga tuna haki ya kufurahi kwamba sehemu yake kubwa ni shaba.

Hatua ya 3: Ubao

Tripleksi (plaiwudi) ya mm 9 au zaidi, juu ya fremu ya mbao kavu, urefu mita 1.2, upana sm 30. Usitumie ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa sababu unavimba msimu wa mvua. Paka vanishi pande zote, hata chini. Basi.

Hatua ya 4: Mataruma na reli

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe.

Mataruma tutayakata kutoka kwenye bodi za elektroniki zenye ngozi ya shaba upande mmoja, zile tupu ambazo mafundi wa redio hutumia kutengenezea saketi. Kata vipande vya mm 31 kwa mm 4. Mita moja itameza karibu 90. Vaa kitambaa mdomoni unapokata, vumbi lake ni la nyuzi za kioo na linadhuru kifua. Kisha kwenye kila kipande, katikati, kwaruza shaba kwa ncha ya tupa hadi uone bodi, ili umeme usivuke kutoka reli moja hadi nyingine. Usiruke hata kimoja. Taruma moja lililosahaulika litazima njia nzima na utalitafuta jioni yote.

Kama njia uliyopima ina mataruma ya chuma, zungusha kingo za kila kipande kwa tupa. Mchwa hawana huruma na mbao, ndiyo maana njia nyingi za Afrika ya kitropiki ziliwekewa chuma. Na taruma la chuma lina mgongo wa mviringo na ncha zilizoinama kuingia kwenye kokoto. Ukizika ncha hizo baadaye kwenye mchanga, hakuna atakayekuuliza ni chuma au ni nini.

Chora kwenye karatasi mistari kila mm 11, ibandike juu ya ubao, panga mataruma juu yake kwa utepe wa gundi wa pande mbili. Lehemu reli ya kwanza kwa kuifuata rula ya chuma, kwanza kila taruma la tano. Halafu weka jicho usawa wa reli na uitazame kwa urefu wake wote. Mkunjo ambao mkono hauhisi, jicho huuona. Rekebisha, kisha jaza yaliyobaki kwa kurukaruka, mara huku mara kule, ili joto lisiivute reli upande mmoja.

Reli ya pili inahitaji kipimio. Vinauzwa, lakini fundi yeyote wa kukereza vyuma anaweza kukutengenezea kimoja: kipande cha shaba nyeupe cha mviringo chenye mifereji miwili inayokaa juu ya vichwa vya reli, na kati ya nyuso za ndani za reli mm 16.5 kamili. Mpe kalipa aisome mbele yako. Tengeneza vitatu, uviweke sm 5 mbalimbali, ulehemu katikati yake, uvisogeze.

Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinatosha. Tumia risasi yenye rozini ndani, au rozini ya maji, na uepuke ile asidi ya mafundi wa mabati, maana inaendelea kula reli muda mrefu baada ya wewe kumaliza. Fungua dirisha, nawa mikono kabla ya kula, na watoto wakae mbali.

Kwenye maungio acha nafasi ya nusu milimita. Mita moja ya reli huongezeka karibu mm 0.3 joto likipanda nyuzi 20, na chumba chenye paa la bati mwezi wa 10 kinapanda zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kufunika

Gusa reli zote mbili kwa multimita. Ikilia, kuna taruma lisilokwaruzwa. Kisha sukuma behewa kwa kidole kutoka mwisho hadi mwisho. Pima pia magurudumu: nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja iwe mm 14.5. Behewa linaloruka reli mara nyingi halina kosa lingine ila hilo.

Hatua ya 6: Kokoto na udongo

Jiwe la kokoto la sm 5 kwa 1:64 ni mm 0.8. Mchanga wa mtoni ulivyo ni mawe makubwa mno. Uoshe, ukaushe, uchekeche kwa chujio la chai. Kisha, na hili ni la lazima hapa kwetu, pitisha sumaku ndani yake mara kadhaa. Udongo wetu mwekundu una chembe za chuma, na chembe hizo hurukia sumaku ya motere na kuiua.

Mwaga mchanga, upange kwa brashi laini, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni, kisha dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, moja kwa tatu. Usiuguse hadi kesho yake.

Kando ya njia weka kichuguu. Kichuguu cha mita 5, ambacho kwetu si kikubwa, ni sm 8 juu ya ubao. Hakuna kinachoitambulisha Katanga upesi kama hicho, pamoja na majani ya manjano ya kiangazi na vumbi jekundu lililopanda hadi kwenye tumbo la reli.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

Mwanachama wa Kampemba: Yaya, aksanti kwa somo. Miye niko na treni ya Märklin, nonko (mjomba) aliniletea toka Liège. Inaweza kutembea juu ya hii njia, ao hapana?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, si ilivyo. Märklin ya H0 inachukua umeme kwenye vidoti vya katikati ya njia, na magurudumu yake ya kushoto na kulia yameunganika kwa umeme. Ukiiweka juu ya reli zetu mbili, ni shoti papo hapo. Itunze na njia yake. Nonko akirudi huko, mwombe ya reli mbili za mkondo mnyoofu: Roco au Piko. Na mwambie atafute kichwa cha umeme chenye magurudumu ya karibu mm 14.3, maana kwa 1:64 hayo ni mm 915, na dizeli nyingi za njia ya 1067 zina magurudumu ya ukubwa huohuo.

Mwanachama wa Bukavu: Huku hatuna treni, lakini nilizaliwa Kalemie na sauti yake ninayo kichwani. Chumba changu ni kidogo sana. 1:64 itaingia?

Jibu: Ndugu, fanya 1:120 juu ya njia ya mm 9, ile ya treni ndogo za N. 9 mara 120 ni 1080, imezidi mm 13 tu. Behewa la mita 12 linakuwa sm 10. Utapata stesheni nzima kwenye rafu ya mita moja na nusu. Utakosa bolti na misumari, lakini kwa chumba kidogo mimi ningefanya hivyo bila kusita.

Mwanachama wa Lubumbashi: Juu ya nini usitumie 1:87 na njia ya mm 12? Reli zake ziko tayari, za treni za milima ya Uswisi.

Jibu: Ni hoja nzuri, na siipingi. 12 mara 87 ni 1044, na jicho linaikubali. Ukitaka treni ndefu za mabehewa mengi ya shaba, hiyo ndiyo njia yako. Ninachokiona kigumu ni mitambo: ya mm 12 ni michache na bei iko juu, wakati ya mm 16.5 unaipata kwa mitumba.

Mwanachama wa Katuba: Papa, kwetu kurant inakatika karibu kila siku. Tutafanya namna gani?

Jibu: Batri ya pikipiki ya volti 12, fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na batri, na kidhibiti mwendo cha motere ndogo. Kichwa kimoja hakili hata ampea moja. Batri inatoa umeme safi kuliko vyaja nyingi, kwa hiyo hata siku kurant ipo mimi naiacha ileile. Usisahau fyuzi: batri ikipigwa shoti na reli, waya unawaka.

Mwanachama wa Likasi: Magurudumu ya mabehewa ya H0 nayaona madogo. Na vifungio vya mabehewa?

Jibu: Umeona vizuri. Yale ya mm 11 kwa 1:64 ni mm 704 tu. Agiza ya Uingereza ya kipimo cha 00: njia ni ileile mm 16.5, lakini gurudumu ni mm 12.6 au 14.1, yaani 806 na 902. Vifungio chukua Kadee 802, vya 1:64. Vinafungana vyenyewe kama vile vya mabehewa yetu.

Mwanachama wa komini ya Kenya, Lubumbashi: Nataka kuweka shimini ya Gécamines, kampuni ya migodi, na terili (kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha shaba) nyuma ya njia. Inawezekana?

Jibu: Shimini ina karibu mita 150. Kwa 1:64 ni mita 2.3, itatoboa dari. Ichore kwenye ubao wa nyuma, sm 40 au 50, ukionyesha iko mbali, rangi zikififia kuelekea bluu. Terili ichore pia, ila mguu wake ujenge kwa makaa ya mawe yaliyosagwa, uungane na mchoro nyuma ya mabehewa. Mpaka kati ya mchoro na udongo ufiche kwa miti. Na usitie moshi mwingi mbinguni.

Mwanachama wa Ruashi: Njia panda ya reli, pale njia inapogawanyika, nayo tunajenga kwa mkono?

Jibu: Ndiyo, kwa mataruma yaleyale ila marefu zaidi. Jambo moja kubwa: mfereji ambao ukingo wa gurudumu unapitia kwenye msalaba wa reli uwe mm 1.25, uupime kwa kipande cha bati cha unene huo. Ukiwa mpana zaidi, gurudumu linadumbukia. Ukiwa mwembamba, linapanda. Jenga kwanza mita moja iliyonyooka. Behewa likipita humo bila kutikisika, tuma picha ya msalaba wako kabla hujalehemu, tuuangalie pamoja.