Kusafiri kwa ndege na mtoto anayenywa maziwa ya kopo

Mzazi anayejiandaa kusafiri kwa ndege na mtoto anayenywa maziwa ya kopo huwa na hofu moja kubwa, nayo ni kwamba afisa wa ukaguzi atayachukua maziwa na kuyatupa kwa sababu yamezidi mililita 100. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kwa sehemu kubwa haina msingi, kwa kuwa kanuni za vimiminika katika nchi nyingi zimeacha nafasi mahsusi kwa chakula cha mtoto mchanga. Linalostahili kuhofiwa zaidi ni maziwa yaliyokorogwa nyumbani alfajiri, yakakaa vuguvugu ndani ya begi kwa saa nyingi, kisha mtoto akanyweshwa angani. Hapa nitaeleza yote mawili, kwa mfano wa safari ya Dar es Salaam hadi London kupitia Doha, na mtoto wa miezi minne hivi mwenye uzito wa kilo 6.

Kanuni ya mililita 100 ilizaliwa baada ya Agosti 2006, wakati polisi wa Uingereza walipofichua njama ya kulipua ndege zilizokuwa zikielekea Amerika Kaskazini kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Siku zile za mwanzo mzazi alitakiwa ayaonje maziwa ya mtoto mbele ya afisa ndipo aruhusiwe kupita nayo. Kuanzia Novemba 2006 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka utaratibu uliozoeleka: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote viingie katika mfuko mmoja angavu wa lita 1. Maziwa ya mtoto hayaingizwi katika hesabu ya mfuko huo. Hata hivyo mfuko wenyewe utauhitaji kwa ajili ya mafuta na losheni, na msafiri wa Tanzania asiogope kuubeba kwa sababu ya katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019, kwani mifuko angavu ya kubebea vipodozi safarini iliachwa nje ya katazo hilo kwa masharti kwamba mwenyewe abaki nayo na asiitupe nchini.

Msamaha wa chakula cha mtoto haufanani kila mahali. Uingereza inaruhusu maziwa ya mtoto na maji yaliyochemshwa kwa ajili yake kupita kwenye mizigo ya mkononi hata yakizidi mililita 100, mradi mtoto mwenyewe awepo. Baba anayetangulia peke yake akiwa na maji hayo na maziwa yaliyokwisha kukorogwa, huku mama na mtoto wakifuata kwa ndege nyingine, hana msamaha huo. Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu kiasi kinachohitajika safarini, na afisa anaweza kudai uthibitisho kwamba kilichomo kwenye chupa ndicho ulichokitaja. Marekani inaruhusu maziwa ya mtoto kwa kiasi cha kuridhisha bila kuweka kikomo cha mililita, pamoja na vifurushi vya barafu vya kuyapoza. Aidha, tangu Juni 2018 Marekani hufanya ukaguzi wa ziada kwa unga wowote unaozidi takribani mililita 350 katika ndege zinazoingia nchini humo kutoka nje, lakini unga wa maziwa ya mtoto umeondolewa katika sharti hilo.

Hesabu ya milo

Usihesabu safari kwa saa za angani peke yake. Dar es Salaam hadi Doha ni kama saa 6, Doha hadi London ni kama saa 7, lakini ukijumlisha saa 3 za kuwahi uwanjani, saa za kusubiri Doha, foleni ya uhamiaji na mwendo wa gari hadi unakofikia, mtoto atakaa njiani saa 20 au zaidi. Kipimo cha kawaida kwa mtoto wa umri huu ni takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mtoto wa kilo 6 hunywa kama mililita 900, sawa na milo sita ya mililita 150. Mimi ningepakia milo tisa kwenye begi la mkononi, yaani sita ya safari na mitatu ya akiba, kwa sababu ndege huchelewa na mzigo uliokabidhiwa kwenye kaunta huweza kubaki nyuma. Kopo jingine zima, lisilofunguliwa, liende kwenye sanduku kubwa, hasa kama hujui kwamba aina hiyo ya maziwa inapatikana unakokwenda.

Iwapo akiba itaonekana kupungua, usijaribu kuirefusha kwa kuongeza maji kwenye unga uleule. Maziwa mepesi hayamshibishi mtoto na yanaweza kuharibu uwiano wa chumvi mwilini mwake, na maziwa mazito kupita kipimo nayo humkausha maji na kumfunga choo. Fuata kipimo cha kopo lako na utumie kijiko kilichokuja na kopo hilohilo, kwa maana vijiko vya aina mbalimbali za maziwa havilingani: aina moja huhitaji kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, nyingine kijiko kimoja kwa mililita 60.

Unga mbali, maji mbali

Unga wa maziwa ya mtoto, hata ukiwa kwenye kopo jipya kabisa, si chakula kisicho na vijidudu. Unaweza kubeba bakteria kama Salmonella na Cronobacter, ambao humwangusha vibaya mtoto mchanga, na ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2007 unaelekeza unga ukorogwe kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzijoto 70. Maziwa yakishakorogwa yanyweke ndani ya saa 2, la sivyo yamwagwe. Yanaweza kupozwa kwenye friji isiyozidi nyuzijoto 5 na kutunzwa hadi saa 24, na yakitolewa humo yasafirishwe pamoja na vifurushi vya barafu na kutumiwa ndani ya saa 2. Njia hiyo inamfaa anayeruka kutoka Nairobi kwenda Mombasa au Dar es Salaam kwenda Zanzibar, lakini kwa safari ya London haifai.

Kwa safari ndefu, basi, beba unga mkavu peke yake na maji ya moto peke yake. Pima unga wa kila mlo nyumbani kwa utulivu, uutie katika vikopo vidogo vikavu vyenye mfuniko, mlo mmoja kikopo kimoja, ili usije ukahesabu vijiko ndani ya ndege inayotikisika huku mtoto akilia. Chupa za maziwa zichemshwe, zikaushwe na kufungwa kamili na chuchu na vifuniko vyake. Ukiweza, zilingane na idadi ya milo, maana kuosha chupa kwenye sinki la choo cha ndege si jambo la kutegemea. Lile kopo lenye nembo ulilolifungua liende nawe mkononi pia, kwa kuwa afisa anayeona unga mweupe ndani ya vikopo visivyo na maandishi ana haki ya kuuliza.

Maji yachemshwe na kumiminwa kwenye chupa ya chai iliyokwisha kusuuzwa kwa maji ya moto. Chupa ya lita 1 inatosha milo sita ya mililita 150. Juma moja kabla ya safari ijaribu: ijaze maji yanayochemka, kisha pima joto kila baada ya saa moja kwa kipimajoto cha jikoni cha betri. Usibebe cha zebaki, kwani hakiruhusiwi kwenye mizigo ya mkononi. Chupa ambayo hushuka chini ya nyuzijoto 70 baada ya saa 5 haitakufikisha Doha, na ni heri kulijua hilo ukiwa jikoni kwako.

Kwenye ukaguzi

Viwanja vingi vya kwetu vina ukaguzi mara mbili, mlangoni na kabla ya kupanda ndege, na Doha wasafiri wanaobadilisha ndege hukaguliwa tena. Weka vitu vyote vya maziwa katika mfuko mmoja juu kabisa ya begi. Kabla mzigo haujaingia kwenye mashine, mwambie afisa kwamba umebeba maziwa na maji ya moto ya mtoto, uvitoe na kuviweka kwenye trei yao peke yake. Anayesema kwanza huonekana mzazi aliyejiandaa. Anayenyamaza hadi chupa ionekane kwenye skrini hujiletea maswali marefu. Mionzi ya mashine haidhuru maziwa wala maji. Afisa akitaka kufungua chupa ya maji ya moto, mwombe umfungulie mwenyewe taratibu, mtoto akiwa mbali.

Kwa ukaguzi wa Doha mpango salama zaidi ni kutoutegemea msamaha. Mnyonyeshe mtoto chupa ndege inapoanza kushuka, mwaga maji yaliyopungua joto kabla ya kutoka ndani ya ndege, pita ukaguzi na chupa ya chai tupu, kisha omba maji yanayochemka kwenye mgahawa ulioko ndani. Katika viwanja vingine nimeona wahudumu wa migahawa wakilitimiza ombi hilo bila kutoza chochote, na hata pale wanapotoza, ni bei ya kikombe cha chai.

Ndani ya ndege

Hewa ya ndani ya ndege hulingana na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na hapo kila kilichofungwa nchi kavu husukuma nje kinapofunguliwa. Fungua chupa ya chai kidogo kidogo, ukiwa umesimama jikoni kwa wahudumu, kamwe usifanye hivyo mtoto akiwa mapajani. Tia maji kwanza, kisha unga, funga na utikise. Poza chupa kwa kuitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi na barafu utakachoomba kwa mhudumu, halafu dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono wako upande wa ndani. Mwombe mhudumu mapema, kabla ya zamu ya chakula, kwa sababu zamu ile ikianza utasubiri.

Maji ya moto ya ndege hutoka kwenye tangi lililojazwa viwanjani, na hayafiki kuchemka kila mara, kwa hiyo yawe njia ya mwisho, ukiwa umeyapima kwanza kwa kipimajoto chako.

Kunyonya wakati wa kupaa na kushuka humsaidia mtoto kumeza, na kumeza hufungua njia ya hewa ya masikio. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, na ndipo maumivu huwa makali zaidi, kwa hiyo korogea chupa hiyo mapema kidogo na uitunze hadi dakika hizo. Yatakayobaki baada ya mtoto kuacha chuchu yamwagwe, hata kama ni mililita 100 nzima, kwa sababu mate yake yamekwisha kuingia humo.

Safari ya kurudi ni nyepesi zaidi, kwani maduka ya dawa ya Uingereza huuza maziwa ya maji yaliyokwisha kutakaswa, katika chupa ndogo za mililita 200 zisizohitaji friji wala maji ya moto hadi zifunguliwe. Zinunue kabla au baada ya ukaguzi, lakini ukipitia Doha tena zibaki na mihuri yake, na mtoto awe mikononi mwako unapozionyesha.