Kuwapima Farasi kabla ya Mbio za Ngong

Ukitaka kukisia farasi atakayeshinda katika uwanja wa Ngong, Nairobi, anza na umbali: farasi aliyeshinda mita 1,200 kwa kasi huenda akaishiwa pumzi katika mita 2,400, ambazo ndizo za mbio za Kenya Derby. Kisha soma kwa makini uzito ambao kila farasi atabeba. Katika mbio za kusawazisha uwezo, farasi bora hubebeshwa mzigo mkubwa zaidi, hivyo aliyeshinda majuzi akaongezewa kilo 4 hana tena nafasi ileile, ilhali aliyepitwa kwa urefu wa shingo tu, na sasa amepunguziwa, anastahili kutazamwa upya. Hatimaye watazame farasi wakizungushwa kabla ya mbio: jasho jeupe lenye povu katikati ya mapaja, hasa siku ya baridi, huonyesha farasi anayemaliza nguvu zake kwa wasiwasi. Jina zuri, ingawa huwavutia wengi, halikimbii.