Dizeli imemwagika mwaloni: namna ya kuutibu mchanga kwa bakteria

Dizeli ikimwagika mwaloni wakati wa kujaza tangi la boti, wengi huifukia kwa mchanga au huisukumia ziwani kwa ndoo mbili za maji ya sabuni. Tunaomba sana hiyo ya pili iachwe. Ili bakteria waimalize lita moja ya dizeli, wanahitaji karibu kilo 3 za oksijeni. Maji ya juu ya ziwa hubeba kama miligramu 7 au 8 tu kwa lita, kwa hiyo lita hiyo moja inaweza kula oksijeni ya maji zaidi ya lita 350,000. Sabuni haiondoi mafuta, inayavunja tu yawe matone madogo yaliyo rahisi kuingia kwenye matamvua ya samaki. Na vilindi vya Ziwa Tanganyika havina oksijeni kabisa, hivyo mafuta yakitua huko huoza polepole mno.

Nchi kavu hewa ni ya bure. Bakteria wanaokula dizeli, kama wale wa jenasi za Pseudomonas na Acinetobacter, wanaishi kwenye maji baridi na kwenye udongo, na mwaloni wamo tayari. Huna haja ya kununua dawa ya bakteria. Wanachopungukiwa ni hewa, naitrojeni, fosforasi na unyevu.

Chagua mahali pa tambarare, angalau mita 60 kutoka ukingoni mwa maji. Ndiyo kipimo cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kwa jinsi ziwa lilivyopanda miaka ya karibuni, ukiongeza ni heri zaidi. Tandika nailoni nzito ya mita 4 kwa 4, uizungushie tuta la sentimita 30 chini ya kingo zake ili maji yasitoroke.

Vipimo vifuatavyo ni vya debe 50 za mchanga uliochafuka, yaani mita moja ya ujazo, wenye mafuta kama asilimia 1. Changanya na debe 10 za pumba za mpunga ili hewa ipenye, debe 5 za samadi iliyokwisha kuoza, na debe moja ya udongo kutoka mahali palipomwagika mafuta zamani, maana bakteria wa hapo wameshazoea chakula hicho. Nyunyiza mbolea ya DAP, yenye fosforasi na naitrojeni, gramu 600 ukiwa unageuza. Urea, mbolea ya naitrojeni, inatakiwa kilo 2.4, lakini usiiweke yote kwa mpigo: chumvi ikizidi huwanyonya bakteria maji wakafa. Yeyusha gramu 800 kwenye ndoo ya maji siku ya kwanza, gramu 800 baada ya wiki 3, na zilizobaki wiki ya 6. Tandaza mchanganyiko kwa unene usiozidi sentimita 30.

Tusitumie makapi mabichi ya mawese badala ya pumba, ingawa Kigoma yamejaa. Yana mafuta yake, na bakteria watayakimbilia hayo kwanza na kuimaliza naitrojeni kabla hawajaigusa dizeli.

Geuza kwa jembe mara mbili kwa wiki katika wiki 2 za mwanzo, kisha mara moja kila wiki. Vaa glavu na mabuti ya mpira, na moto usikaribie. Unyevu upime kwa kiganja: fumbata udongo, ufungue mkono. Bonge likishikana bila kudondosha maji, pako sawa. Likimomonyoka, mwagilia, likichuruzika, geuza na uliache wazi. Kuanzia Juni hadi Septemba utamwagilia kila siku 2 au 3. Masika ezeka nailoni juu ya miti, pembeni paachwe wazi.

Harufu ya yai viza inakuambia hewa imekosekana, geuza siku hiyohiyo. Harufu kali ya mkojo ni urea iliyozidi. Ahirisha dozi inayofuata. Mchanga ukiubana ukatoa mafuta yenyewe, ni mengi mno kwa bakteria: ongeza mchanga safi kwanza, hata mara tatu yake.

Dizeli huchukua miezi 2 hadi 4. Oili chafu ya injini huchukua muda mrefu zaidi, na metali zilizomo haziliwi na bakteria yeyote, kwa hiyo udongo huo usipandiwe mchicha hata ukionekana safi.

Kupima, weka vijiko 4 vya udongo kwenye chupa angavu, jaza maji, tikisa, uache saa moja. Ukiona utando unaong'aa juu, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama vigae na vikabaki hivyo, ni utando wa bakteria wa chuma, hauna neno. Ukijikusanya tena, ni mafuta: rudi kwenye jembe wiki 3 nyingine, kisha upime upya.