Jifunze uhandisi jeni kwa kuifuata insulini

Muhula wangu wa kwanza nilikariri majina ya vimeng'enya mpaka nikayaota, lakini mtihani ulipouliza "kwa nini", nikakosa la kuandika. Kilichonifungua macho ni kushika bidhaa moja na kuifuata toka jeni hadi chupa ya dawa. Anza na insulini.

Tafuta karatasi, mkasi na gundi. Kata vipande viwili virefu, na kwenye kila kimoja andika mistari miwili ya herufi za DNA, A ikitazamana na T, G na C. Katikati weka GAATTC juu na CTTAAG chini yake. Sasa wewe ndiye EcoRI, kimeng'enya kinachokata DNA penye herufi hizo. Mstari wa juu kata baina ya G na A ya kwanza. Wa chini, baina ya A ya mwisho na G. Kila nusu itabaki na mkia wa herufi nne. Chukua nusu ya kushoto ya karatasi ya kwanza, isogeze kwenye nusu ya kulia ya ile ya pili: mikia inaoana! Gundi hapo inafanya kazi ya ligesi, kimeng'enya kinachounga vipande vya DNA. Tafadhali usiishie kutazama mchoro, kata mwenyewe. Mimi hapo ndipo nilipoelewa jinsi jeni ya binadamu inavyoungwa kwenye plasmidi, ile pete ndogo ya DNA ya bakteria.

Ukiingia maabara, utaona bakteria wakitolewa kwenye barafu, wakitiwa kwenye maji ya nyuzijoto 42 kwa sekunde 45 hivi, kisha wakirudishwa barafuni. Joto hilo la ghafla huisaidia plasmidi kupenya. Wachache tu huipokea, ndiyo maana huoteshwa penye antibiotiki: plasmidi hubeba jeni ya kuihimili, na wasio nayo hufa.

Kiwandani mambo ni hayo hayo, ila kwa matangi. Zamani insulini ilitoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa bakteria E. coli, minyororo yake miwili, wa asidi amino 21 na wa 30, ikizalishwa mbalimbali ndipo ikaunganishwa; 1982 Marekani ikaidhinisha dawa yenyewe. Usiiruke sura ya usafishaji, hata ikikuchosha. Mgonjwa hadungwi supu ya bakteria.

CRISPR, ile mbinu mpya zaidi ya kuhariri jeni, iache kwanza. Ukimaliza insulini, chukua kimosini, kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya jibini, ujiulize: jeni imetoka wapi, imebebwa na nini, imepandikizwa kwa nani, na zao lake linasafishwaje?