Jinsi ya Kuitambua Psychotria Msituni Amani Hata Isipokuwa na Maua

Wengi ninaowaongoza katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, husubiri ua ndipo waulize jina la mmea. Kwa vichaka vinavyoishi kivulini, chini ya miti mikubwa, kama Psychotria, jenasi ya vichaka vya ukoo wa mibuni (miti ya kahawa), utasubiri sana. Mimi huanzia kwenye kifundo, pale jozi ya majani inaposhikana na kitawi.

Shika kitawi bila kukikata. Majani ya Psychotria huota mawili mawili yakitazamana, na kingo zake hazina meno. Sasa chungulia ubavuni, kati ya kikonyo (kishina cha jani) kimoja na kingine. Karibu na ncha changa utaona kitu kidogo mfano wa jani kinacholinda chipukizi. Hiyo ni stipuli, alama ya ukoo mzima wa mibuni, pamoja na mikwinini iliyopandwa hapa Amani enzi za Wajerumani. Kisha shuka vifundo viwili vitatu: stipuli za Psychotria hupukutika mapema, zikaacha nywele za rangi ya kutu kwenye kifundo. Za mbuni mwitu hukawia, nazo ni ngumu, zenye umbo la pembetatu.

Kando ya njia utakutana na Clidemia hirta, kichaka vamizi kutoka Amerika ya kitropiki. Nacho majani yake hutazamana, lakini yana manyoya, mishipa yake mikubwa huanzia karibu na kikonyo na kwenda sambamba hadi ncha, na stipuli hakina kabisa.

Ukishajua ni Psychotria, kazi ya kujua ni spishi ipi ndiyo inaanza, maana duniani zipo zaidi ya 1,500. Inua jani ulitazame dhidi ya mwanga. Baadhi zina vitone vyeusi ndani ya jani: humo huishi bakteria ambao mmea huwarithisha watoto wake kupitia mbegu. Nyingine zina vishimo vidogo upande wa chini, kwenye makwapa ya mishipa, yaani pale inapogawanyika, na utitiri hujificha humo. Lenzi ya mkono inatosha kuviona.

Ukibahatika kukuta maua, kagua zaidi ya mti mmoja. Katika spishi nyingi, mti mmoja hutoa maua ambayo stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) imechomoza na stameni (sehemu za kiume zinazotoa chavua) zimejificha ndani. Jirani yake huwa kinyume. Chavua ya mti wenye aina moja ya maua kwa kawaida haifanyi kazi kwa mwenzake wenye maua ya aina ileile, kwa hiyo lazima aina zote mbili ziwe karibu. Ndiyo maana nakataa katakata mtu kung'oa hata mche mmoja wa spishi adimu: waliobaki wanaweza kuchanua kila mwaka wasizae.

Tunda, mara nyingi jekundu, huwa na kokwa mbili zilizobapa upande zinapogusana. Lililoanguka chini linatosha kukaguliwa.

Piga picha ya kifundo, pande zote mbili za jani na ua kwa ndani, ukiweka rula pembeni. Andika mwinuko, na kama mti uko bondeni au kwenye mgongo wa mlima. Kuchukua sampuli ni mpaka uwe na kibali.